Mzee Wetu Atatunzwa Wapi? Historia ya Nyumba za Wazee

Aliye jikoni na aongeze sauti kidogo, na aliye malishoni na redio yake ndogo atege sikio, kwa sababu mazungumzo ya leo yanahusu kila boma.

Wiki chache zilizopita mama mmoja alibaki nyuma baada ya kliniki ya watoto. Mtoto alikuwa amekwisha kuchanjwa na kadi imejazwa, lakini mama hakuinuka kwenye benchi. Wenzake walipotoka alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ni laana kumpeleka mama mkwe nyumba ya wazee?"

Mama mkwe wake alipata kiharusi miezi minane iliyopita. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yanatoka kwa shida. Mume anafanya kazi Athi River na hurudi nyumbani Jumamosi. Mama huyu ana watoto watatu, na mdogo bado ananyonya. Usiku huamka mara mbili kumgeuza mgonjwa na mara mbili kunyonyesha. Nilipomtazama niliona kwamba amekonda kuliko mgonjwa mwenyewe.

Siku hiyo sikumjibu vizuri. Nilimweleza namna ya kumgeuza mgonjwa na umuhimu wa dawa za presha, naye akashukuru akaenda. Swali lake nililiacha pale pale kwenye benchi. Jioni nilipotafakari niliona kwamba neno lililomsumbua ni "laana", na neno hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Lina historia. Kwa hivyo leo, kabla ya kuzungumza juu ya wapi pa kumtunza mzee, turudi nyuma kidogo.

Tuanze hapa kwetu, huku Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong. Watu husema kwamba zamani wazee walitunzwa na jamii. Ni kweli, lakini hebu tuulize: jamii ni nani? Katika enkang ya zamani palikuwa na nyumba kadhaa ndani ya ua mmoja. Kila mke alikuwa na nyumba yake aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Mama akizeeka, kwa desturi alikaa karibu na kitinda mimba wake, na ng'ombe wake wakawa chini ya mtoto huyo. Maziwa yalikuwapo na kuni zililetwa. Mzee hakukosa mtu wa kumsikia akiita, kwa sababu mlango wa jirani ulikuwa hatua kumi tu.

Lakini aliyemwosha na kumlisha alikuwa nani? Alikuwa mke wa kitinda mimba, pamoja na wasichana ambao hawakupelekwa shule. Utunzaji ule wa zamani tunaousifu ulisimama juu ya vitu vitatu: ardhi isiyogawanywa, mifugo ya kutosha, na wanawake wengi ambao hawakuwa na kazi ya kuajiriwa mahali pengine. Kikitoka kimoja, nyumba inaegemea upande.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wastani wa maisha ya mtu ulikuwa chini ya miaka 50. Siku hizi umepita 60. Mtu aliyepata kiharusi kizito zamani hakukaa miaka mitano kitandani. Alifariki katika majuma machache, kwa nimonia au kwa vidonda vilivyooza. Leo tuna dawa za presha na za kisukari, na tunajua kumlisha mgonjwa akiwa ameketi ili asipaliwe. Mgonjwa anaishi, na tunamshukuru Mungu. Ila nyanya zetu hawakuwahi kubeba mzigo huu unaobeba wewe kwa muda mrefu hivi, kwa hivyo usijipime nao ukajiona mvivu.

Sasa tuulize nyumba za wazee zilitoka wapi. Wengi hudhani ni mambo ya Wazungu waliochoka na wazazi wao. Ukifuata historia utaona kwamba karibu kila mahali zilianza kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na mtu.

Huko Ufaransa, katika mji mdogo wa Saint-Servan, mwaka 1839, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Jeanne Jugan. Hakuwa tajiri, maana alikuwa amefanya kazi za nyumbani na za hospitali. Siku moja ya baridi alimchukua ajuza kipofu aliyepooza, akampeleka nyumbani kwake na kumlaza juu ya kitanda chake mwenyewe. Baadaye akaongeza mwingine. Alipopungukiwa alichukua kikapu akaenda kuomba mlango kwa mlango na sokoni. Hapo ndipo lilipoanza shirika la masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini. Jeanne Jugan alitangazwa mtakatifu mwaka 2009. Masista hao wako hata kwetu Kenya, na ndio wanaoendesha Nyumba ya Wazee pale Kasarani, Nairobi. Ukisikia mtu akisema kwamba nyumba ya wazee ni mahali pa kutupa watu, kumbuka kwamba hii ilianza na mtu aliyelala vibaya ili mzee alale vizuri.

Lakini si zote zilianza hivyo, wala tusifichane. Uingereza, sheria ya mwaka 1834 ilisema kwamba maskini anayetaka msaada aingie katika nyumba za kazi. Kwa makusudi kabisa nyumba hizo zilifanywa kuwa mahali pabaya, ili mtu asitamani kuingia. Wanaume walitengwa na wanawake, hata mume na mke waliozeeka pamoja. Wazee wa Uingereza waliogopa nyumba hizo kama sisi tunavyoogopa laana. Mpango ule ulifutwa rasmi mwaka 1948, lakini majengo mengi yalibaki, yakapakwa rangi na kuitwa makao ya wazee. Mtafiti mmoja, Peter Townsend, alizunguka makao 173 ya England na Wales akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1962. Aliona watu wenye chakula na kitanda, ambao hata hivyo hawana kitu chao wenyewe, hawana la kufanya, wamekaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani wakingoja siku iishe. Kitabu hicho kiliamsha watu, wakaanza kuuliza kama mzee hawezi kusaidiwa akiwa nyumbani kwake.

Huku kwetu pwani, historia inashikana na utumwa. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, walikuwepo watu waliozeeka kazini ambao hawakumjua hata ndugu mmoja. Walikamatwa wangali watoto mbali sana, pengine kule Nyasa. Uhuru waliupata, lakini ukoo hawakuwa nao. Mtu kama huyo nani angemgeuza usiku? Huko Unguja, wamisionari Wakatoliki waliendesha makao ya maskini na wagonjwa pale Welezo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Karume ilichukua jukumu la wazee wasiojiweza, na mpaka leo majina ya Sebleni na Welezo yanajulikana na kila Mzanzibari. Tanzania Bara nako makao kadhaa ya serikali yana historia inayokutana na ya kambi za wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa walipona, lakini jamaa hawakuja kuwachukua. Wakazeekea pale pale.

Mnaona sasa doa la aibu lilivyoingia? Makao yalijengwa kwa ajili ya mtu aliyekosa ukoo, au ambaye ukoo ulimkataa. Kwa hivyo kumpeleka mzazi huko kukawa kama kumtangazia kwamba hana watu. Hiyo ndiyo asili ya neno alilolitumia yule mama.

Tuje Nairobi ya wakoloni. Mfanyakazi Mwafrika alilipwa mshahara wa mtu mmoja, akapewa mahali pa kitanda, siyo nyumba. Hesabu ya serikali ilikuwa rahisi: mke na watoto watakula kutoka shamba la nyumbani, na mzee naye akichoka atarudi huko huko. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, iliandika wazi kwamba mshahara huo haumtoshi mtu mwenye familia, na kwamba mfanyakazi wa mjini hana lolote la kutegemea uzeeni isipokuwa shamba lake la kijijini. Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali ilianzisha mfuko wa NSSF. Ulikuwa mwanzo mzuri kwa walioajiriwa. Lakini mama aliyechunga mbuzi, aliyeuza maziwa kando ya barabara, aliyelea watoto saba, hakukatwa senti hata moja, kwa sababu hakuwa na mshahara wa kukatwa. Mama huyo ndiye leo yuko kitandani nyumbani kwako.

Wapo wengine waliokuja mjini wakapotelea huko, wakazeeka bila mke wala shamba. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, halmashauri ya jiji la Nairobi ilikuwa na makao yake ya wazee, Mji wa Huruma, na makanisa nayo yakaanzisha ya kwao.

Na huku kwetu Kajiado je? Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya jamii kusajiliwa kama ranchi za vikundi. Haukupita muda mrefu ranchi zikaanza kugawanywa, kila mwanachama na kipande chake, na vipande vikauzwa. Tembea leo kutoka Kitengela kwenda Isinya uone ploti zenye kuta mahali ambapo zamani nyumbu walipita. Hapa Kimuka tuliona milima ikitobolewa kwa ajili ya reli mpya, na Oktoba 2019 treni za abiria zikaanza kupita kuelekea Suswa. Mimi sipingi maendeleo, na nyumba ninayoishi mwenyewe imejengwa juu ya ploti. Ninachosema ni kwamba ule ua mmoja wenye nyumba nyingi umegawanyika. Kitinda mimba amepanga chumba Kitengela, mke wake yuko kwenye duka la mtu au kiwandani, na wasichana wako shule, kama inavyotakiwa. Vile vitu vitatu nilivyovitaja mwanzo, vyote vimesogea.

Kabla hatujavuka hapo, tusisahau miaka ya tisini. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotuchapa, mpaka serikali ikautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, wazee ndio waliowazika watoto wao na kuwalea wajukuu. Nyanya wa miaka 70 alirudi kuamka usiku kukoroga uji. Baadhi ya vijana wanaonisikiliza sasa hivi walilelewa hivyo. Mtoto wa kumtunza nyanya huyo uzeeni alikwisha kufa.

Serikali ilianza kuona. Mwaka 2006 ulianza mpango mdogo wa kuwapa wazee fedha katika wilaya tatu, Nyando, Busia na Thika. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, ikasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa dola. Shikeni neno hilo "na". Halikuandikwa "au". Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukafunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar walitutangulia, kwa kuwa pensheni yao ya jamii kwa wote waliofikisha miaka 70 ilianza Aprili 2016. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Shilingi 2,000 hainunui nepi za mtu mzima za mwezi mzima, hilo mnalijua kuliko mimi. Lakini mzee aliyeandikishwa anajulikana na ofisi, na hilo lina faida siku akidhulumiwa. Kama mzee wako hajaandikishwa, nenda kwa chifu na kitambulisho chake.

Sasa tukiijua historia hiyo, tuchague vipi?

Kwanza niwaambie kosa langu mwenyewe. Kokoo wangu, mama yake mama, alianza kusahau akiwa na miaka themanini na kitu. Aliuliza swali moja mara sita, akaweka sukari kwenye maharagwe, akamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyefariki. Familia ilikaa ikakubaliana azungushwe, mwezi mmoja kwa kila mtoto, watoto wanne, ili pasiwe na wa kulalamika. Mimi ndiye muuguzi wa familia. Niliulizwa, nikasema ni mpango wa haki.

Haki ilikuwa ya watoto, siyo yake. Mtu anayepoteza kumbukumbu huishi kwa mazoea, mkono unaujua mlango hata kama akili imesahau. Kila mwezi tulimbadilishia mlango. Mwezi wa tatu, katika nyumba ya kupanga Kitengela, aliamka usiku kutafuta choo, akageuka upande ambao katika nyumba yake ndiko kulikokuwa na mlango, akaanguka kwenye ngazi. Nyonga ikavunjika. Alilala hospitalini, akarudi na kidonda cha mgongoni ambacho niliweza kuingiza vidole viwili. Nilikisafisha kila siku mpaka alipotuacha. Nilifundishwa chuoni kuhusu vidonda vya kulala na nikapita mtihani wake. Sikufundishwa kuuliza katika kikao cha familia, "Mzee mwenyewe anataka nini?"

Kwa hivyo kabla hujauliza ni nyumbani au ni makaoni, uliza mzee huyu anahitaji nini kwa saa ishirini na nne. Ambaye anatembea, anakula mwenyewe, ila ni mpweke na husahau dawa, huyo hahitaji kuhamishwa. Anahitaji mtu wa kupita asubuhi na jioni. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha, na ni haki yako kumwomba anayehudumu kijijini kwenu apite. Anayesahau na kutangatanga anahitaji mahali pamoja pasipobadilika, lango linalofungika, na taa ya usiku njiani kuelekea chooni. Aliyepooza anahitaji mikono ya kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na hapo lazima muwe na hesabu ya kweli: ni mikono ya nani, na hulala saa ngapi? Mwenye saratani iliyosambaa anahitaji zaidi dawa ya maumivu. Kwa huyu muulize daktari kuhusu hospisi. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na huko Uganda Daktari Anne Merriman alianza yake mwaka 1993 kwa mofini ya maji ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Watu wakisikia hospisi hudhani ni mahali pa kupelekwa kufa. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kukusaidia wewe umtunze mgonjwa wako nyumbani bila yeye kulia usiku kucha.

Na wala tusidanganyane kwamba nyumbani ni salama kila mara. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa madai ya uchawi. Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi zao, mpaka pakawa na kituo cha kuwaokoa pale Kaya Godoma, Ganze. Ajuza anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake, anayeingia boma la watu akidhani ni lake, mara nyingi anaugua. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa mmoja wa namna hiyo mwaka 1906, akionyesha mabadiliko ndani ya ubongo wenyewe. Ukisikia minong'ono kijijini kuhusu mzee wako, usingoje. Kwake yeye, mahali pengine popote panaweza kuwa bora kuliko nyumbani.

Mkifika mahali pa kufikiria makao, nendeni mkaone kwa macho. Jina la kanisa au la mfadhili kwenye lango halitoshi. Mwishoni mwa mwaka 2022 waandishi wa BBC walionyesha wazee wakitendewa vibaya ndani ya makao karibu na Nairobi, na majirani walishangaa. Nenda bila kutoa taarifa, tena jioni, siyo saa nne asubuhi wageni wanapotarajiwa. Ukiingia, pua itakuambia mengi kabla ya msimamizi kufungua mdomo. Harufu kali ya mkojo ina maana kwamba watu hawabadilishwi, na harufu kali ya dawa ya kusafishia nayo inaficha jambo. Omba kuona visigino vya mzee mmoja na sehemu ya chini ya mgongo, kwa ruhusa yake na kwa staha. Ngozi nyekundu isiyorudi rangi ukibonyeza, au kidonda, ndiyo ripoti ya usiku wa nyumba ile. Uliza usiku wanalala wazee wangapi kwa kila mhudumu aliye macho. Uliza dawa zinaandikwa wapi, mzee akiugua anapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani. Ada ni kiasi gani, na ni kitu gani hakimo ndani ya ada hiyo? Tazama kama kuna chombo cha mzee karibu na kitanda, hata shanga au fimbo au kigoda chake. Townsend aliuona upungufu huo miaka zaidi ya sitini iliyopita, na bado ni kipimo kizuri. Uliza pia kama mnaruhusiwa kuja siku yoyote. Pakiwa na siku moja tu ya wageni kwa mwezi, rudi nyumbani.

Ukiamua kumwajiri msichana wa kumtunza nyumbani, hayo hayo yanamhusu. Usimpe watoto watatu, ng'ombe wa maziwa na mgonjwa aliyepooza, halafu ushangae kidonda kimetoka wapi. Mwonyeshe kumgeuza kwa kutumia shuka, siyo kumvuta kwa mkono uliopooza, kwa maana bega hutoka mahali pake. Mpe usiku mmoja wa kulala kwa wiki.

Nirudi kwa yule mama wa kwenye benchi. Nilimtembelea nyumbani Jumamosi mumewe akiwapo, na shemeji zake wawili wakaja. Kila mmoja alikuwa na maoni, na kila mmoja alisema kwa hakika kwamba mama hatakubali makao kamwe. Niliwaomba wanyamaze. Nilichuchumaa mbele ya kiti cha mzee nikamwuliza polepole, nikamngoja. Kwa mtu aliyepata kiharusi, kungoja ndiyo adabu. Ilichukua muda mrefu hata mwana mmoja akataka kujibu kwa niaba yake. Kisha mzee akauliza kwa Kimaa kama huko kuna mtu yeyote anayezungumza Kimaa. Na akasema jambo la pili ambalo hakuna aliyelijua: lililomwumiza ni kuoshwa mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na miwili akiwa chumba hicho hicho.

Walikwenda kuona makao mawili. Moja lilikuwa safi, wahudumu wazuri, lakini hakuna hata mmoja aliyejua Kimaa, na mzee yule maneno aliyobaki nayo ni ya Kimaa tu. Wakarudi. Shemeji anayefanya kazi Ngong sasa hutuma pesa kila mwezi, na kwa pesa hizo amepatikana mama mmoja wa jirani wa kulala pale siku tano za wiki. Jumamosi na Jumapili mume ndiye anayeamka, na nimemfundisha mwenyewe kugeuza. Mara ya kwanza alitetemeka, akijua ni mama yake anayemshika. Mjukuu amehamishiwa chumba cha nje. Mke amenenepa kidogo, na mtoto ameongeza uzito, nimeuona mstari kwenye kadi. Tumekubaliana tuangalie tena mwezi wa Januari, kwa sababu mzee anazidi kudhoofika na huenda mpango huu usitoshe. Ikifika hapo, makao yale safi bado yamo kwenye orodha, nao wameahidi kumtafuta mhudumu anayejua lugha yake.

Wenye maswali waje kituoni siku yoyote ya kliniki, au wamwone mhudumu wa afya wa kijiji chao. Mkija kuuliza habari za mzee, mlete na dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za dukani. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto wachanga. Ni mimi muuguzi wenu wa Kimuka. Kwaherini.